Mapumziko ya Nagpur

Kwa miaka sita ya ndoa yake, Girija alisafiri na mwanamume asiyeamini mambo ya kushuka njiani. Divakaran alikuwa karani wa idara ya maji huko Delhi, na kila mwaka walipokwenda kwao Kerala kwa likizo ya kiangazi, alipanda treni kama askari anayekwenda vitani. Akishaingia, hatoki. Siku mbili na usiku wake nchi nzima ilipita dirishani, na mara nyingi na nusu ya siku ya tatu pia, kwa kuwa treni nayo ina mambo yake. Kushuka katikati ya safari, alisema, ni tabia ya wagonjwa na mahujaji.

Msimamo huo ulimwia rahisi kwa sababu yeye alilala kitanda cha juu kabisa. Kule juu kulikuwa na Divakaran, gazeti na feni. Chini kulikuwa na Girija, watoto wawili, mtungi wa maji, godoro lililoviringishwa kwa mikanda, na vyombo vya chakula vilivyokuwa vikigongana kutoka jimbo moja hadi jingine.

Mwaka uliotangulia mambo yalizidi. Sanil, wakati huo ana miaka minne, alikitupa kiatu cha baba yake dirishani ili aone kama kitawahi kufika Kerala kabla yao. Bindu, mdogo wake, alikuwa anaota meno na aliharisha kuanzia Bhopal mpaka Vijayawada, bila kujali nani amekaa karibu naye. Abiria mmoja, mwanajeshi mstaafu mwenye masharubu ya kutisha, aliomba ahamishiwe behewa jingine. Girija alipofika ukweni, mama mkwe alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu, kisha akamuuliza mwanawe, "Mwanangu, mbona umekonda hivyo? Safari imekuchosha, eh?"

Kwa hiyo mwaka ule wa themanini na sita, Divakaran alipoleta tiketi nyumbani, Girija alisema, huku anakata vitunguu na bila kuinua kichwa, "Safari hii tunashuka Nagpur."

"Nani anashuka?"

"Mimi na watoto. Wewe endelea tu. Ukifika kwenu mwambie mama yako umetuacha njiani."

Divakaran alijaribu kuyapanga maneno hayo kichwani, akamwona mama yake akiyasikiliza. Kesho yake alipiga foleni kubadilisha tiketi.

Girija alitaka walale kituoni, kwenye vile vyumba vya kupumzikia abiria vyenye vitanda vya chuma na ndoo bafuni. Hapo Divakaran alikataa katakata. Nagpur yupo Kaka Sukumaran, mtoto wa mama yake mkubwa, mhandisi wa kiwanda, mwenye nyumba na bustani. "Nipite Nagpur nilale kituoni kama mchuuzi? Kaka ataniambia nini?" Girija akakubali. Ndoto zake zilikuwa ndogo mno hata hazikustahili ugomvi: kuwaogesha watoto mahali pasipotikisika, kujinyoosha sakafuni, na kupata saa moja ambayo hakuna mtu anayesema neno "mama".

Safari ya kutoka Delhi ilikwenda salama. Sanil aliuliza "Tumefika?" katika kila kituo, na penye vituo vichache aliuliza katika kila daraja. Bindu aligawa chapati zao kwa behewa zima kisha akalia kwamba zimekwisha. Asubuhi treni ikaingia Nagpur, na joto likawapokea mlangoni kabla ya mwenyeji wao.

Mwenyeji hakuwa mbali. Kaka Sukumaran alisimama jukwaani amevaa tai, katika joto lililofanya hata mbwa wa kituo waliache jukwaa wakajilaze chini ya bomba la maji. Mkononi alishika shada la maua ya manjano. Akamvika Divakaran shingoni. Divakaran hakuwa amevikwa shada tangu siku ya harusi yake.

"Karibu, mheshimiwa! Karibu Nagpur!"

Girija akamtazama mumewe. Mumewe akayatazama maua.

Nyumba ya Sukumaran ilikuwa nzuri kama duka. Makochi yalikuwa bado na nailoni zake za dukani. Televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa chenye vishada. Kabati la vioo lilijaa wanasesere kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja na kikaratasi miguuni kinachomtaja kwao. Thankam, mke wa Sukumaran, ambaye kwa umri wake wote walimwita Shangazi, aliwakumbatia watoto akasema, "Jisikieni nyumbani, wanangu," na kabla pumzi haijaisha akaongeza, "Hilo usiguse. Na hilo. Usikalie hapo, nailoni itakwaruzika."

Kisha akaitwa Rajmohan, mtoto wao wa pekee, mwenye miaka tisa na nywele zilizolazwa kwa mafuta. Rajmohan alisimama katikati ya sebule, akaunganisha mikono nyuma, akataja miji mikuu ya dunia kuanzia Afghanistan. Watu walisikiliza wakiwa na mizigo yao mikononi. Alipofika Zimbabwe wakapiga makofi.

"Na wewe, Sanil," Shangazi Thankam akauliza kwa upole wa mtu aliyeshinda tayari, "unajua nini?"

"Najua mluzi," alisema Sanil, akaupiga. Alikuwa na pengo mbele na sauti ilitoka vizuri sana. Shangazi Thankam alishika kifua.

Katika nyumba ile kulikuwa na mashine moja ya kupoza hewa, boksi kubwa la bati lenye majani yanayolowa maji, lililonguruma dirishani pa sebule. Sebule ilikuwa ya wanaume. Girija na watoto walipewa chumba cha nyuma, chenye feni iliyozunguka polepole ikilalamika. Maji ya bombani yalitoka ya moto kama chai. Hata hivyo Girija aliwaogesha watoto, akatandika mkeka, akamlaza Bindu kifuani na kufumba macho.

Mlango ukafunguliwa. "Girija mwanangu," alisema Shangazi Thankam, "vaa sari nzuri. Watu wanakuja."

"Watu gani, Shangazi?"

"Wa kumwona mumeo."

Girija alidhani ni utani wa ukweni. Alipopeleka chai sebuleni akakuta viatu vimejaa mlangoni kama hekaluni siku ya sikukuu. Ndani, majirani walikuwa wamekaa kwenye viti vya kuazima, kwa maana nailoni ilikuwa bado inalindwa, na Divakaran alikuwa amekalishwa mbele kabisa ya ile mashine ya hewa, maua shingoni, nywele zikipepea. Sukumaran alisimama pembeni yake akiwaita watu mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa Bwana Khedkar, mwalimu mkuu mstaafu. Aliomba kuwekewa simu nyumbani miaka saba iliyopita. "Nilipoomba, mheshimiwa, mjukuu wangu alikuwa hajazaliwa. Sasa anakwenda shule na ananiuliza, babu, simu inafananaje?" Baada yake Mama Wankhede, mjane mnene mwenye sauti ya kuita kuku, aliyetaka mtungi wa pili wa gesi, kwa maana wa kwanza huisha siku zote wali ukiwa nusu. Nyuma yao walisubiri wengine: mtu na mwanawe asiye na kazi, mtu na mkwewe aliyehamishiwa mbali, na mzee mmoja aliyekuja kwa sababu aliona foleni.

Divakaran alijaribu. Ni haki tuseme alijaribu. "Ndugu zangu," alianza, "mimi niko idara ya maji tu..."

"Ya maji!" Sukumaran akadakia. "Ameanzia maji. Na nyaya za simu si zinapita ardhini humo humo?"

Watu wakatikisa vichwa kwa kuelewa. Bwana Khedkar alisema kila siku alishuku kwamba mambo haya yameungana huko chini.

Girija alimvizia mumewe alipoingia ndani kunawa, akambana kwenye ukuta wa jikoni.

"Uliwaambia nini watu hawa?"

"Sikusema uongo hata neno moja."

"Divakaran."

"Kwenye harusi ya ndugu yetu Ponnappan, kaka aliniuliza kama huwa namwona waziri. Nikasema namwona kila asubuhi."

"Unamwona wapi?"

"Gari lake linapita pale kituoni ninaposubiri basi."

"Lile lenye vioo vyeusi?"

"Vioo vyeusi, lakini ndani si yumo?"

Girija akashusha pumzi. "Rudi ukawaambie."

"Nikisema, kaka ataaibika mbele ya majirani zake."

"Na wewe?"

"Mimi pia," alikubali Divakaran. "Lakini mimi naondoka kesho."

Akarudi sebuleni. Girija alimwona kupitia pazia: watu wote walisimama alipoingia, na mgongo wa Divakaran, ambao kwa miaka sita alikuwa ameuona umejikunja kwa kupanda mabasi, ukanyooka wenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kuinuka kitini kwa ajili yake. Kufika mchana alikuwa ameshajua kazi. Alisikiliza macho yakiwa nusu yamefumba, aliacha kimya kipite, kisha alisema, "Nitaliangalia." Hakuahidi kitu. Watu walitoka wamefurahi kuliko kama wangeahidiwa, maana walioahidiwa walikuwa wanajua mwisho wake.

Watoto hawakulala. Chumba cha nyuma kilikuwa tanuri, na Girija aliitwa mara achemshe chai, mara akande unga, kwa kuwa wageni wa mgeni nao ni wageni. Aligeuka kidogo tu, Sanil na Bindu wakafuata baridi ilikotoka.

Bwana Khedkar, ambaye alikuwa amebaki kungoja chai ya pili, alimwona Sanil mlangoni akamwita. Alikuwa mwalimu, hakuweza kumwona mtoto bila kumwuliza swali.

"Haya, kijana. Hebu tuambie. Baba yako Delhi anafanya kazi gani?"

Sanil alifikiri. "Anagonga muhuri."

"Muhuri gani?"

"Mwekundu. Halafu Bwana Saxena anamfokea. Halafu anarudi na basi, analala."

Ilisikika mashine ya hewa peke yake. Divakaran alianza kulegeza maua shingoni kama mtu anayejiandaa kuyarudisha, na Girija, nyuma ya pazia, aliomba moyoni kwamba jambo hili liishe hapo hapo, waaibike wote, kisha walale.

Sukumaran akaangua kicheko.

"Mmeona? Mmeona malezi hayo?" Akawazungukia wageni mmoja mmoja kwa macho. "Mtoto mdogo hivi, ameshafundishwa kuficha! Huko Delhi ni lazima. Mtoto akisema hovyo baba yake ni nani, watu si watajaza mlango?"

"Ni usalama," alisema Mama Wankhede.

"Na huo muhuri mwekundu," Bwana Khedkar akaongeza kwa sauti ya chini, "si kila mtu anapewa."

Sanil alipoona hakuna anayemwamini akaanza kulia, na wageni wakasifu jinsi anavyolia vizuri, kama kweli. Jioni foleni ilifika kwenye geti.

Wakati huo hakuna aliyekuwa anamtazama Bindu. Bindu alikuwa amegundua kwamba kabati la vioo halikufungwa kwa ufunguo, na kwamba mashine ya hewa ina beseni la maji chini yake. Wanasesere nao walionekana wana joto. Aliwatoa, akawavua nguo, akawaogesha wote. Wengi walivumilia, lakini yule wa kutoka Japani alikuwa wa karatasi na gundi.

"Si kitu," alisema Shangazi Thankam, ameshika kilichobaki. "Ni mtoto tu. Si kitu kabisa." Hakula usiku ule.

Kesho yake walipumzika zaidi. Walikula asubuhi kwa Bwana Khedkar, mchana kwa Mama Wankhede, na kati ya hapo kwa mtu ambaye Girija hakulifahamu jina lake mpaka mwisho. Kila nyumba ilikuwa na vitamu, na kila mama alimlisha Bindu kwa mkono wake. Bindu alivirudisha vyote katika nyumba ya tatu, kwenye zulia. Mwenye zulia alisema ni baraka. Divakaran alipita katikati ya haya yote akiinamisha kichwa kidogo kulia na kidogo kushoto, na alipoonyeshwa kisima kilichokauka alikitazama kwa muda mrefu.

Jioni walisindikizwa kituoni na watu wengi kiasi kwamba mkagua tiketi alivaa kofia yake vizuri. Maboksi ya halua ya machungwa yaliingizwa dirishani mpaka pa kukanyaga pakakosekana. Treni ilipoondoka, Sanil alijilaza kwenye kile kiti kigumu cha rangi ya buluu, akaweka shavu lake kwenye ngozi yake ya bandia yenye vumbi, akashusha pumzi ndefu.

"Tumefika," alisema, akalala papo hapo. Girija naye alilala akiwa amekaa, mdomo wazi, mpaka mtu wa chai alipompita mara ya nne.

Kwao Kerala, mama mkwe alimtazama mwanawe. "Safari hii umenenepa," alisema. "Kumbe mapumziko yanakufaa." Girija alikwenda kulala kisimani kwa kisingizio cha kufua.

Wakati wa kurudi ulipokaribia, Girija alikaa barazani na kitabu cha ratiba za treni, akawa anamwita mama mkwe na kumtajia vituo. "Warangal tuna mtu?" Yupo, mtoto wa jirani, fundi redio. "Itarsi?" Yupo mjomba wa shemeji, tena ana nafasi kubwa. Walikwenda hivyo juu na chini ya ramani yote. Katika ukoo mzima na kijiji kizima, hakuna aliyejua mtu yeyote Balharshah.

"Huko hakuna kitu," Divakaran alilalamika. "Ni mahali treni inapobadilisha injini."

"Basi ndipo," alisema Girija.

Walishuka Balharshah alfajiri, na mvua ya kwanza ya mwaka ilikuwa imekwisha kunyesha. Chumba cha kupumzikia kilikuwa juu ya ofisi ya msimamizi wa kituo: vitanda viwili vya chuma, feni ndefu, bafu lenye ndoo na kopo, dirisha linaloangalia reli. Hakukuwa na kabati la vioo, wala mtu aliyejua miji mikuu. Watoto walioga wakamwaga maji walivyotaka, kwa kuwa sakafu ilikuwa ya saruji. Walitembea jukwaa zima hadi mwisho wakaona injini inafunguliwa na nyingine inafungwa, na fundi mmoja mwenye grisi akampungia Bindu mkono. Divakaran alikaa kwenye benchi amenuna. Watu walipita mbele yake na hakuna aliyesimama.

Girija aliteremka kununua chai, akamwambia Sanil kwa Kimalayalam, lugha ya kwao Kerala, asikanyage madimbwi, akapanda tena. Alikuwa ndiyo kwanza anaweka kichwa kwenye mto mlango ulipobishwa.

Alisimama pale mwanamke wa makamo, kipande cha mtu, sari nyeupe ya uuguzi, mwavuli unatiririka.

"Nimeambiwa na muuza chai! Wa kwetu mmeshuka hapa! Mimi Aleyamma, niko hospitali ya reli, kwetu Kottayam. Wanakwetu mnalala kituoni, na mimi nipo? Aibu gani hii? Kuku ameshachinjwa. Tupo familia kumi na moja hapa, wote nimewatumia habari, wanakuja kuwaona."

Divakaran alikuwa ameshapanda ngazi nyuma yake. Aliposikia familia kumi na moja, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kola akaiweka sawa.

Girija akaona viti vya kuazima. Akaona foleni. Mdomo wake ukafunguka bila kumwuliza.

"Dada, hatuwezi. Watoto wana surua."

Divakaran akamkodolea macho mkewe kama hajapata kumwona. Pale pale Sanil akapita mbio kati ya miguu yao, akifuatwa na Bindu, uchi, mwekundu kwa kucheka tu, ngozi yake nyororo kama siagi.

Muuguzi aliwatazama wakizunguka kitanda mara mbili. "Surua," alisema. "Imeanza lini?"

Uso ulimchoma Girija kwa aibu. Kisha kwa kuwa alikuwa amechoka hata kutunga uongo wa pili, akasema lilivyo. "Imeanza ulipobisha hodi, dada. Nisamehe. Nataka kulala. Sijalala tangu nilipoolewa."

Aleyamma alikuwa amefanya zamu za usiku kwa miaka ishirini. Aliukunja mwavuli wake, akaingia, akafunga mbao za dirisha ili mwanga usiingie, akajaza mtungi maji.

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo, mdogo wangu? Nipe hawa." Akambeba Bindu kiunoni, akamshika Sanil mkono, akamtazama Divakaran. "Na wewe unakuja. Utamenya vitunguu."

"Mimi?"

"Kuku hajimenyei vitunguu."

Mlango ukafungwa. Girija alisikia nyayo zikishuka ngazi, Sanil akiuliza kama huko kuna injini, kisha mvua ikaanza tena juu ya mabati. Alilala upande mmoja, akageuka, akalala upande wa pili kwa anasa tu.

Alipoamka ilikuwa jioni, na kwa muda hakukumbuka yuko kituo gani wala hakutaka kukumbuka. Divakaran alikuwa ameketi kwenye kitanda kile kingine, macho mekundu kwa vitunguu, vidole vinanuka binzari, watoto wamelala juu yake mmoja kila paja. Hakuthubutu kujigeuza.

"Wamekusalimu," alinong'ona. "Familia zote kumi na moja. Nimemenya kilo tatu."

Kwenye meza palikuwa na bakuli la mchuzi wa kuku na wali, limefunikwa kwa sahani. Girija alikula akiwa ameegemea ukuta, taratibu, paja la kuku akalimaliza peke yake mpaka mfupa, na hakuna mtu aliyemwomba.